Kafi la mbao au la kaboni? Stori ya watu wasiotajwa kwenye boti za joka

Wadau, mmeshaziona video za zile boti ndefu zenye kichwa cha joka? Ngoma inadunda, watu 20 wanachota maji kwa pamoja, na macho yote yanaenda kwenye joka. Leo joka tuliache, tuangalie walichoshika mkononi. Watu wa pwani wanakiita kafi, yaani kasia fupi ambalo halijafungwa kwenye boti, unalishika kwa mikono miwili. Wapiga kafi wanabishana kila siku: mbao au kaboni? Ukitaka jibu, fuata historia.

Twende China. Simulizi maarufu inasema mwaka 278 KK, mshairi na waziri Qu Yuan wa dola la Chu alijitosa mto Miluo baada ya mji mkuu wa kwao kutekwa. Wanakijiji wakakimbilia boti kwenda kumtafuta, hawakumpata. Qu Yuan anakumbukwa hadi leo, siku ya tano ya mwezi wa tano wa kalenda ya Kichina. Na wale waliopiga makafi siku ile? Hakuna anayewajua. Waliochonga makafi nao ndo kabisa. Kwa karne nyingi kafi lilikuwa mbao tu.

Mwaka 1976 Hong Kong ikaandaa mashindano ya kimataifa, na mchezo wa wavuvi ukaanza kusafiri. Mwaka 1986 boti za mtiki kutoka Hong Kong zikafika Vancouver, Kanada, kwenye maonyesho ya Expo 86. Mwaka 1991 likazaliwa shirikisho la kimataifa, IDBF. Nyuzi za kaboni, zilizopata umaarufu kwenye mambo ya ndege kuanzia miaka ya 1960, zilikuwa zimeshaingia kwenye michezo kama gofu. Zikaja na huku.

Hapo shirikisho likaweka vipimo: urefu wa kafi uwe sentimita 105 hadi 130, upana wa bapa usizidi 18. Maana yake pesa itakununulia wepesi, ila haikununulii bapa pana kuliko sheria inavyotaka.

Sasa huo wepesi una maana gani? Kafi la mbao mara nyingi lina gramu 500 hadi 800. La kaboni linaweza kushuka chini ya 400. Tuchukue tofauti ya gramu 300. Ukipiga kafi mara 70 kwa dakika, kwa dakika mbili ni mara 140. Zidisha: kilo 42 za ziada umeziinua, na boti haijakushukuru.

Ila mbao nayo ina utetezi wake. Inanesa kidogo, kwa hiyo inalionea bega huruma. Kaboni ni kakamavu: nguvu yako yote inaenda majini, lakini ukikosea mtindo, mshtuko unarudi kwako. Mbao ikichubuka unapiga msasa na vanishi, maisha yanaendelea. Kaboni ikipasuka kwenye jiwe, pole sana, na bei yake imechangamka.

Kuhusu bega, kuna watu lazima niwataje japo majina yao wengi hatuyajui. Mwaka 1996, hukohuko Vancouver, daktari Don McKenzie wa Chuo Kikuu cha British Columbia aliwaingiza kwenye boti wanawake 24 waliokuwa wametibiwa saratani ya matiti. Zama hizo wagonjwa kama wao waliambiwa wasitumikishe sana mikono, isije ikavimba. Wao wakafanya mazoezi taratibu, wakapiga makafi msimu mzima, na uvimbe uliohofiwa haukutokea. Leo timu za wanawake kama hao zipo nchi nyingi. Kwa bega lililopita kwenye upasuaji, gramu 300 sio mbwembwe.

Kwa hiyo usiulize kafi lipi ni kali, uliza linashikwa na nani. Unaanza? Chukua mbao, ujifunze mtindo kwa bei ya kistaarabu. Mtindo umeshakaa na mashindano ni mengi? Kaboni italipa. Bega lina historia? Jaribu yote mawili kabla ya kutoa hela, bega lenyewe litakwambia.

Na usisahau, kwenye boti mpo 20. Kafi la gharama likichelewa mdundo wa ngoma linapitwa na la mbao lililofika kwa wakati.

Wewe ungeshika lipi? Tiririka hapo chini.