Neno la Shahidi: Kiswahili katika Mahakama za Tanzania



Suala la lugha ya mahakama nchini Tanzania aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni suala la istilahi tu: je, Kiswahili kina maneno ya kutosha kuibeba sheria? Katika mhadhara huu ninakusudia kuonyesha kuwa historia inatuelekeza kwenye swali zito zaidi: ni maneno ya nani yanayohifadhiwa katika mwenendo wa shauri?

Istilahi hazikukosekana. Sheria, hukumu, kadhi, wakili na shahidi ni maneno yenye asili ya Kiarabu yaliyozoeleka pwani kabla ya ukoloni. Waingereza walipoanzisha Mahakama Kuu ya Tanganyika mwaka 1920, Kiingereza kilishika ngazi ya juu, huku mabaraza ya wenyeji yakiendelea kuamua mashauri kwa Kiswahili. Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka 1963 iliunganisha ngazi hizo katika mfumo mmoja, lakini haikuziunganisha kilugha. Mahakama ya Mwanzo iliendeshwa kwa Kiswahili. Katika Mahakama ya Wilaya Kiswahili kiliweza kuzungumzwa, ila kumbukumbu na hukumu ziliandikwa kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yetu. Kwa miongo mingi hakimu alisikiliza kwa Kiswahili huku mkono wake ukiandika Kiingereza. Tuchukue mfano wa kubuni. Shahidi anasema, "Mdogo wangu ndiye aliyefungua mlango." Kiswahili hakikumtaka ataje jinsia, Kiingereza cha kawaida humlazimisha mwandishi achague kati ya mwanamume na mwanamke. Hakimu akiandika mwanamume, na shahidi wa pili akasema ni binti aliyefungua, mahakama ya rufani itasoma ushahidi unaopingana, ilhali mashahidi hao hawakupingana hata kidogo. Mtu aweza kupoteza haki yake kwa neno ambalo hakulitamka.

Juhudi za wataalamu zilikuwapo. A. B. Weston wa Kitivo cha Sheria, Dar es Salaam, alichapisha orodha ya istilahi za kisheria mwaka 1968, mwaka mmoja baada ya kuundwa kwa Baraza la Kiswahili la Taifa. Katiba ya mwaka 1977 nayo iliandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo mabadiliko makubwa yalisubiri hadi mwaka 2021. Tarehe 1 Februari mwaka huo Rais Magufuli alimteua Jaji Zephrine Galeba, aliyekuwa ametoa hukumu kwa Kiswahili huko Musoma, kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Mwaka huohuo Bunge lilirekebisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama, Kiingereza kikibaki kwa pale ambapo maslahi ya haki yanakihitaji. Kanuni za mwaka 2022 zikafafanua mazingira hayo.

Je, kazi imekwisha? La hasha. Hukumu inayofuata muundo wa sentensi za Kiingereza neno kwa neno yaweza kuwa ya Kiswahili kwa sura, na bado mdaawa asielewe kwa nini ameshindwa. Nawaasa wanafunzi wa isimu na wa sheria wazisome pamoja kumbukumbu za mashauri, wapime umbali kati ya kilichosemwa na kilichoandikwa. Katika umbali huo ndimo haki ya wengi ilimopotelea.