Kilio cha mama, kimya cha baba: Aru wakati wa Ebola na Korona

Kwetu Aru mtu akifa, hakuna anayelia peke yake. Kwa Walugbara, Wakakwa na majirani wao, wamama wanakusanyika kwenye kilio, wanalala chini pamoja na wafiwa, wanapika, wanalia, wanaongea. Wanaume wanakaa kando ya moto na kupanga mambo ya kaburi na ya ukoo. Mwanazuoni John Middleton, aliyeishi kati ya Walugbara wa Uganda tangu 1949, aliandika juu ya ngoma zao za mazishi. Wazee walijua kwamba huzuni inabebwa na wengi.

Desturi hiyo iliguswa mara mbili kwa muda mfupi. Ebola ilitangazwa Kivu ya Kaskazini tarehe 1 Agosti 2018, ikaingia Ituri. Mwishoni mwa Juni 2019 mgonjwa mmoja alipatikana hapa Ariwara. Ilipokwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3.470 walikuwa wameugua na 2.287 wamekufa. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa wanawake, maana ndio wanaouguza.

Ebola haijaisha, Korona nayo ikafika. Tarehe 18 Machi 2020 Rais Tshisekedi alikataza vilio majumbani: maiti itoke mochwari moja kwa moja mpaka kaburini, na watu wachache. Masomo, makanisa na mabaa yakafungwa. Uganda nayo ikafunga mpaka.

Hapo tuliona tofauti. Mama aliyezoea kuvuka kwenda Arua kutafuta bidhaa alibaki na watoto mchana kutwa, bila faida, bila wenzake wa soko. Mzigo wake ulikuwa mzito zaidi. Lakini alijua kulia, na jirani alimsikia. Baba je? Tangu utoto tumemfundisha kwamba mwanaume halii. Kazi ilisimama, moto wa kilio ukazimwa, akabaki na chupa ya kujificha. Mwalimu mwenzetu mmoja alifiwa na ndugu yake wakati ule. Hakusema neno. Alikaa nyuma ya nyumba kila jioni, nasi tukasema, "Huyu ni mwanaume kweli." Tulikosea.

Mwaka 2022 OMS ilieleza kwamba wasiwasi na huzuni kubwa viliongezeka duniani kwa 25% katika mwaka wa kwanza wa Korona, na wanawake na vijana ndio walioumia zaidi. Hata hivyo wanaume wanaojiua ni wengi kuliko wanawake. Anayelia anahesabiwa, anayenyamaza hatumuoni mapema.

Hatusemi kwamba sheria zile zilikuwa mbaya, ziliokoa watu. Lakini ugonjwa mwingine ukija, tusifunge kilio bila kutafuta namna nyingine ya kukaa na mfiwa: simu, salamu za uani, zamu ya wachache. Na tuwaambie watoto wetu wavulana mapema: machozi si ya mama peke yake.