Nani Alipie Maji ya Nzoia

Mvua ya Kakamega haina haraka asubuhi. Jua linawaka vizuri, nguo zinaanikwa, halafu saa nane au saa tisa mchana ngurumo zinaanza na mabati yanapigwa kwa saa nzima. Ikiisha, watu wanatoka chini ya vibaraza vya maduka, bodaboda wanapangusa viti, na biashara inaendelea. Kwa mwaka tunapata takriban milimita 2,000, kama mara mbili ya Nairobi. Tunalalamika kuhusu matope, lakini swali la maji yanakokwenda huwa halitusumbui.

Yanakwenda kwa watu. Isiukhu, ule mto unaotoka msituni na kupita hapa mjini, hupeleka maji yake Nzoia, na Lusumu nao vilevile. Nzoia wenyewe ukifika kwetu tayari umebeba maji ya milima ya Cherangani na ya Mlima Elgon. Unapita Webuye, unapita Mumias, unaingia tambarare za Budalang'i kule Busia, na unaishia Ziwa Victoria karibu na Port Victoria. Budalang'i hupata mvua kidogo kuliko sisi. Ndiyo maana kuna siku jua linawaka kule, ardhi imekauka hadi ina nyufa, na maji yanaingia jikoni. Ni mvua ya watu wengine, iliyonyesha juzi.

Nilianza kuifikiria habari hii 2024. Kati ya Machi na Mei mwaka ule mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini, na usiku wa kuamkia Aprili 29 maji yalisomba nyumba kule Mai Mahiu. Katika simu yangu, hata hivyo, mjadala mrefu zaidi ulikuwa wa magari ya Nairobi. Gari limezama kwenye maegesho, je, bima italipa? Watu waligundua kwamba ile bima ya lazima, ya kumlinda mtu uliyemgonga, haina habari na maji, na kwamba hata bima kubwa inabidi usome maandishi madogo kabla ya kufurahi. Sawa, ni swali halali. Lakini nikajiuliza mtu wa Budalang'i, ambaye amekuwa akifurikiwa tangu kabla ya babu yangu kuoa, yeye anauliza kampuni gani.

Basi nikamuuliza ajenti mmoja wa bima hapa mjini, jamaa mpole anayevaa tai hata Jumamosi. Nataka kukatia bima nyumba iliyo kando ya Nzoia, tambarare ya chini kabisa, inawezekana? Akatoa fomu. Kuta ni za nini? Mto uko umbali gani? Eneo hilo limewahi kufurika? Akaiweka fomu mezani akacheka kidogo. "Ndugu yangu, ukijibu ukweli umeshajikataa mwenyewe."

Hakuwa mtu mbaya. Bima ni hesabu, na chama chochote cha kijijini kinaijua hesabu hiyo. Mfuko wa matanga unafanya kazi kwa sababu hatufiwi sote wiki moja. Leo ni zamu yako, mwakani ni yangu, na pesa ya wale ambao hawajafiwa inamzika aliyefiwa. Mafuriko yanakuja kwa wanachama wote usiku mmoja. Mwenyekiti, mweka hazina na wale wanaochelewa kulipa, wote wako juu ya tuta na magodoro yao, na daftari limelowa. Zaidi ya hapo, anayetaka kuilipia bima ya mafuriko ni yule tu anayejua atafurikiwa. Mtu wa mlimani ataichangia ya nini?

Hata Marekani, ambako kila kitu kina bima, soko lilikimbia hapa. Baada ya mto Mississippi kufurika 1927, kampuni ziliacha karibu kabisa kulipia mafuriko ya nyumba. Kimbunga Betsy kilipoipiga Louisiana 1965, serikali ikajikuta ndiyo inayotakiwa kusaidia, na 1968 Bunge lao likaunda mpango wa serikali wa bima ya mafuriko. Katrina ya 2005 na vimbunga vilivyofuata viliuzamisha mpango huo katika madeni, hadi 2017 Bunge likafuta deni la dola bilioni 16. Yaani nchi tajiri kuliko zote haijaweza kufanya bima ya mafuriko ijilipie. Nasema hivi ili tusije tukadhani tatizo ni kwamba watu wa Budalang'i hawajafundishwa kuweka akiba.

Walikuwa nayo bima, tena ya zamani. Wazee wa tambarare ile watakwambia mafuriko hayakuwa janga kila mara. Maji yalipanda, watu wakasogea penye mwinuko, yakashuka yakaacha tope jeusi, na tope hilo likazaa mahindi na mboga bila mbolea. Wenye ng'ombe waliwafugisha kwa jamaa walioolewa au kuhamia mbali, sehemu ambazo mto haufiki. Ukitazama vizuri, hiyo ndiyo bima yenyewe: mali yako iko mahali ambapo balaa lako haliko. Malipo yake yalikuwa maziwa, posa na kutembeleana.

Mambo yalianza kubadilika mwishoni mwa 1961. Mvua za mwaka ule, ambazo watu wengi waliziita mafuriko ya Uhuru kwa kuwa uhuru nao ulikuwa mlangoni, zilikuwa kubwa hata ziwa lenyewe likapanda. Kati ya 1961 na 1964 Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili na halikurudi haraka. Mto uliozoea kumwaga ziwani ukakuta mlango umeinuliwa. Na wakati huohuo watu walikuwa wameongezeka, mashamba yalikuwa yanapimwa na kuandikwa majina ya wenyewe, na ile desturi ya kusogea ikawa ngumu. Utasogea wapi, na ile ardhi ya mwinuko ina hati ya mtu?

Serikali ya Kenya huru ikajibu kwa matuta. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 ukajengwa ukuta wa udongo kila upande wa Nzoia ya chini, kilomita nyingi, ili mto ubaki njiani mwake. Kazi ilikuwa nzuri, na watu wakaiamini. Wakajenga nyumba nyuma ya tuta, wakajenga shule, zahanati, soko. Ule mwaka wa kufurika ukageuka hadithi ya wazee.

Mimi naliona tuta lile kama bima ambayo serikali iliwakatia wananchi, kisha ikaacha kulipa ada. Tuta la udongo lina ada yake kila mwaka. Panya na fuko wanachimba, ng'ombe wanapanda na kushuka mahali palepale, watu wanakata njia ya kuteka maji, mizizi ya miti inaoza na kuacha mashimo. Lisipokarabatiwa linabaki picha ya tuta. Na kuna jambo baya zaidi ambalo halionekani. Mto uliofungwa kuta mbili hauna pa kutua tope lake, kwa hiyo unalitua ndani. Sakafu inapanda mwaka baada ya mwaka, na maji yanapanda nayo, hadi unafika msimu wa mvua ambapo mto unapita juu kuliko mashamba yaliyo kando yake. Siku tuta linapopasuka, maji hayafuriki taratibu kama zamani. Yanaanguka.

Yalianguka. El Niño ya 1997 na 1998 ilipita nchi nzima, na baada yake serikali ikaunda kituo cha taifa cha kushughulikia majanga. Budalang'i ikafurika tena 2003, tena 2007, tena 2008, tena 2011. Kila mara picha zilikuwa zilezile kwenye taarifa ya saa moja: mashua juu ya shamba la mahindi, mwanasiasa amevaa gambuti, magunia ya unga. Msaada wa magunia nao ni aina ya fidia, ila hauna mkataba. Huwezi kuudai, hujui utakuja lini, na ukija unapigwa picha ukiupokea.

Tuseme ukweli pia kuhusu lile tope. Linatoka wapi? Kwetu, na kwa jirani zetu wa juu. Miaka ya 1970 bonde la Nzoia lilijazwa maendeleo: kiwanda cha karatasi Webuye, kiwanda cha sukari cha Mumias kilichoanza kusaga 1973, kingine cha Nzoia kikafuata. Baba zetu walisomeshwa na miwa hiyo, siwezi kuidharau. Na muwa wenyewe ukishakua hushika udongo vizuri. Shida ni mteremko uliolimwa ukaachwa wazi mvua za Aprili zikaukuta uchi, mahindi yaliyopandwa hadi kwenye ulimi wa mto, msitu uliokatwa kule Cherangani na Elgon, na hata mji huu wetu wa mabati na lami usiomeza tone. Faida ilibaki juu. Tope lilishuka na maji.

Mwaka 2007 Benki ya Dunia iliidhinisha mradi wa dola milioni 86 kwa ajili ya magharibi mwa Kenya, na sehemu yake ilikuwa ya kukarabati matuta na kutoa tahadhari. Tahadhari ndiyo iliyonivutia mimi. Kwa kuwa maji ya Nzoia huchukua muda kusafiri kutoka huku juu, unaweza kupima mvua na kina cha mto, ukawaambia watu wa Budalang'i wahame kabla. Inaokoa watu na mbuzi. Haiokoi nyumba wala shamba.

Wakati huohuo bima za kisasa zilikuwa zikiwafikia wakulima. Kilimo Salama ilianza 2009: unanunua mbegu au mbolea, unaongeza pesa kidogo, na kituo cha hali ya hewa kilicho karibu kikionyesha kwamba mvua imepungua au imezidi, fidia inaingia kwa M-Pesa bila mtu kuja kukagua shamba. Wazo zuri sana. Kwa ukame serikali nayo ilikwenda mbali: 2015 ilianzisha bima ya mifugo Turkana na Wajir, inayotazama majani kwa setilaiti. Lakini sasa weka kipima mvua Budalang'i. Siku ya mafuriko kinaweza kusoma sufuri. Mashine itasema hapa ni pakavu, hakuna fidia, na mwenye shamba yuko juu ya paa anaisikiliza redio. Kipimo kinachojua ukweli ni kile cha kina cha mto pale Rwambwa, na mvua inayofaa kuhesabiwa ni hii yetu.

Kisha ikaja 2020. Mvua ndefu, matuta yakapasuka tena, na Mei mwaka ule ziwa likafikia na kupita kidogo ile alama ya 1964. Safari hii maji yalitoka pande mbili, mto kwa nyuma na ziwa kwa mbele, tena katikati ya korona, watu wakiambiwa wasikaribiane huku wakilala hema moja.

Sheria yetu ya maji ina kitu cha ajabu. Ukiweka pampu kubwa Nzoia uchote maji ya kiwanda au ya kumwagilia, unatakiwa kuwa na kibali na kulipa kwa kiasi unachochota. Maji yana bei yakipanda kwenda kwako. Ukiyaachilia yote yashuke kwa siku moja, pamoja na udongo wa shamba lako, hakuna anayekuandikia risiti. Kwa nini kaunti za juu, yetu ikiwemo, zisichangie mfuko mmoja ambao unalipa wenyewe, moja kwa moja kwenye simu za watu, siku ile mto unapopita alama fulani pale Rwambwa? Si msaada. Ni ada, inayolipwa na wenye mvua.

Nimelitoa wazo hili kwenye chama chetu, watu kumi na wanane tunaokutana nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilitarajia watacheka, na wengine walicheka. Lakini dada mmoja anayelima chai na mboga upande wa Shinyalu akauliza, "Na mvua ya mawe ikitumalizia mboga, hao wa Budalang'i watatulipia?"

Nikamwambia hilo ndilo swali lenyewe. Mvua ya mawe haifiki kwao, na mto haupandi mlimani kuja kwetu. Hatuwezi kupata hasara siku moja. Ni wale ng'ombe wa kufugisha tena, ila bila ng'ombe. Akanitazama kidogo, akauliza kila mtu angetoa shilingi ngapi kwa mwezi, na kabla sijajibu wakaanza kubishana wao kwa wao kama iwe hamsini au mia.

Mweka hazina amelifungulia ukurasa kwenye daftari. Juu ameandika "Nzoia", na chini yake bado hakuna kitu.