Usiku Ambao Luteni Hakupiga

Mzee mmoja wa kwetu Mbuba ana medali ya Vita vya Kagera. Ameiviringisha kwenye kitambaa, ndani ya kopo la maziwa ya unga, pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu wake. Nilipomwomba anionyeshe akaniuliza, "Ya nini, mwanangu? Unataka kuiuza?"

Alikuwa askari wa mizinga. Kazi yake kubeba redio ya upepo nyuma ya luteni wake.

Mto Kagera unapita kwetu Ngara, pale Rusumo, kabla haujafika Kyaka. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, yakaikalia nchi yote iliyo kaskazini ya mto huo. JWTZ ilianza kujibu kwa mizinga na roketi za milimita 122, zile ambazo Waganda waliziita saba saba. Wengine walitimua mbio kabla ya kumwona Mtanzania hata mmoja.

Roketi ikapata jina. Makamanda nao wakapata: Silas Mayunga akawa Mti Mkavu, John Walden Black Mamba, David Musuguri Jenerali Mutukula. Afisa wa mizinga je? Ndugu msomaji, roketi haina macho. Lazima mtu awe mbele kabisa na askari wa miguu, ana ramani, dira na redio. Anatazama kombora la kwanza limeanguka wapi, anasema ongeza mita 200, kulia kidogo. Akikosea tarakimu moja anawaua wenzake, na yeye humohumo.

Tarehe 10 Machi 1979, Lukaya. Barabara moja tu, kinamasi kushoto na kulia. Roketi za Walibya waliokuja kumsaidia Amin zilipita juu ya vichwa vya Brigedi ya 201, lakini mshindo wake ulitosha: vijana, wengi wakiwa wageni wa vita, wakatawanyika matopeni. Giza likaingia, adui na rafiki wamechanganyika.

"Usiku ule tuliombwa moto," mzee alisema. "Luteni akakataa. Akasema sijui vijana wetu wako wapi, sipigi. Redioni anatukanwa, mimi ndiye nimeishika, nasikia yote. Akakaa kimya."

Alfajiri Brigedi ya 208 ya Mwita Marwa ilitokea ubavuni, kwenye barabara ya Kampala, na mstari wa adui ukajulikana. Hapo mizinga ikasema. Walibya waliokufa wanakadiriwa kufikia 200. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ilikuwa mikononi mwa JWTZ na wenzao Waganda.

Nikamuuliza luteni alipewa medali gani.

"Kama hii hii."

"Na kwa kukataa, hawakumpa kitu?"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Wangeandika nini? Kwenye daftari la usiku ule hakuna kilichopigwa."

Akafunika kopo.