Safu ya Lugha: Hatia

Msibani, wanawake wakimenya viazi na wanaume wamekaa kwenye mabenchi, utasikia mtu akinong'ona juu ya aliyejiua: "Kaondoka na hatia." Neno hilo halimfai marehemu. Limetoka katika Kiarabu, ambako maana yake ni dhambi, lakini Kiswahili kimelipeleka mahakamani. Mtu hutiwa hatiani baada ya mashahidi kusema naye kujitetea. Sisi wa Lushoto, wenye Chuo cha Uongozi wa Mahakama mlangoni petu, tulipaswa kulijua hilo mapema kuliko wengine. Marehemu hakusikilizwa na yeyote.

Dhambi ni jambo la mja na Mola wake. Sheikh na mchungaji ndio wa kulisemea. Kosa ni pana, tangu kukosea njia hadi kuvunja sheria. Jinai hutungwa na Bunge, na kinachotungwa huweza kutenguliwa. Kanuni yetu ya Adhabu inahesabu jaribio la kujiua kuwa jinai, ilhali Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha namna hiyo kinapingana na Katiba. Tendo ni lile lile, maumivu yale yale. Mpaka tu ndio umebadilisha jina. Kwangu mimi, aliyenusurika afikishwe kwa daktari kabla ya polisi. Hospitali ya Lutindi, kwenye milima hii hii ya Usambara, inatibu wagonjwa wa akili tangu enzi za Wajerumani. Na mama aliyefiwa aambiwe pole, asisomewe hukumu.