Mitaa ya York na Jina la Lango

Mnorwei aanzapo kusoma Kiingereza hufundishwa mapema kwamba "gate" ni lango, naye hulipokea neno hilo kwa mashaka, maana kwao neno lenye herufi zizo hizo ni njia ya mjini yenye nyumba kuume na kushoto. Lakini akifika York, kaskazini ya Uingereza, ataona kuwa lugha yake ndiyo imfaayo zaidi: Stonegate, Micklegate na Coppergate si malango asilani bali ni mitaa, na malango ya ukuta wa kale, ambayo yangali yamesimama, kila moja huitwa "bar", jina ambalo Waingereza wengine aghalabu hulitumia kwa pao la chuma au kwa kilabu cha pombe.

Asili yake ni hii. Mwaka 866 jeshi kubwa la Wadenmaki na wenzao liliuteka mji, na miaka kumi baadaye jemadari wao, Halfdan, akawagawia watu wake ardhi, wakashika jembe. Na hata 954, alipofukuzwa mfalme wao wa mwisho, Erik, ijapokuwa Waingereza walikwisha kuunyakua mji zaidi ya mara moja, wageni walikuwa wamelowea. Lugha zao zilikuwa ndugu, basi neno lao "gata", yaani njia, likaketi ubavuni mwa "geat" ya Kiingereza, yaani lango, hata sauti zikafanana.

Coppergate ndio mtaa unaonipendeza kuliko yote, kwa kuwa jina lake ni la wakereza vikombe vya mti, na Wanorwei wangali wakiita kikombe "kopp". Walipochimba hapo wataalamu, baina ya 1976 na 1981, katika tope lililoloa maji na kuzuia hewa, walikuta mabaki yenyewe ya keezo: vipande vya kati vilivyosalia baada ya bakuli kukerezwa, pamoja na viatu vya ngozi, vitana vya pembe na soksi ya sufu. Watu wanaotajwa vitabuni kwa kuua watawa na kuchoma makanisa, kumbe mjini walikuwa mafundi.

Huko London, ambako hawakulowea hivyo, mambo ni kinyume: Ludgate, Aldgate na Newgate yalikuwa malango ya ukuta kweli kweli, nayo yalibomolewa katika karne ya 18 ili magari ya farasi yapate kupita.