Diaca: Kuangua vifaranga nyumbani pasipo umeme wa uhakika

Diaca ni mojawapo ya tarafa za wilaya ya Mocímboa da Praia, kando ya barabara itokayo pwani kuelekea Mueda, katika mkoa wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji. Wakazi wake wengi walihama makwao baada ya mashambulizi yaliyoanza Oktoba 2017 mjini Mocímboa da Praia kuenea vijijini. Waliorejea, wengi wao walilazimika kuanza upya na vitu vichache: jembe, vipando vya muhogo, kuku wawili watatu. Katika hali hiyo yai lina matumizi mawili yanayoshindana. Laweza kuliwa leo, au laweza kuwa kuku mzima baada ya miezi kadhaa.

Mashine za kutotolesha vifaranga hufanya kazi njema palipo na umeme usiokatika, na hapo ndipo penye shida. Kituo cha umeme cha Awasse, jirani na Diaca, kiliharibiwa wakati wa mapigano ya mwaka 2020, na wilaya kadhaa za kaskazini zikabaki gizani kwa muda mrefu. Yai lililokwisha kupata joto la siku kumi haliwezi kusubiri mafundi. Kuku jike hahitaji waya.

Kiinitete cha kuku huhitaji joto la karibu nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21. Kuku anayeatamia hulitoa joto hilo kwa ngozi ya kifua chake, huyageuza mayai mara nyingi mchana na usiku, na huondoka kiotani kwa dakika chache tu kwa siku ili ale na kunywa. Kazi ya mfugaji ni yale ambayo kuku hawezi kuyafanya, na la kwanza ni kuchagua mayai.

Kuku wa kienyeji hutaga mayai kumi au zaidi kabla ya kuanza kuatamia, kwa muda wa wiki mbili au tatu. Yai hutunza uhai vizuri kwa takriban siku saba likiwa mahali penye ubaridi. Baada ya hapo uwezo wake wa kuanguliwa hushuka siku hadi siku. Joto la pwani hulizidisha tatizo. Ndani ya nyumba yenye joto linalozidi nyuzi 24 hivi, kiinitete huweza kuanza kukua polepole, kisha kikafa kabla kuku hajakaa juu yake. Kwa hiyo mayai ya mwanzo, ambayo wengi huyahifadhi kwa uangalifu mkubwa, ndiyo yenye matumaini madogo zaidi.

Dawa yake ni kipande cha mkaa. Kila yai liandikwe alama ya siku lilipotagwa, likusanywe siku hiyohiyo na kuwekwa mahali palipo baridi kuliko pote nyumbani, ncha nyembamba ikielekea chini. Yai moja la zamani libakizwe kiotani ili kuku asihame. Atakapoanza kuatamia, awekewe mayai ya mwisho tu, kumi hadi kumi na matatu kulingana na ukubwa wa mwili wake. Yaliyotangulia huwa yamekwisha kwenda chunguni, na familia haikupoteza lolote. Mayai yenye nyufa au maumbo ya ajabu nayo yaliwe. Yasioshwe, kwa kuwa maji huondoa utando unaozuia vijidudu kupenya ganda.

Kiota kiwe kivulini, juu kidogo ili kenge na panya wasikifikie, kikiwa na nyasi kavu na majivu kidogo chini yake, maana utitiri humfukuza kuku kwenye mayai kuliko njaa. Chakula na maji viwe karibu.

Usiku wa siku ya saba mayai hupimwa kwa tochi ya simu, kupitia tundu dogo kwenye kipande cha boksi. Mishipa iliyotandaa kama miguu ya buibui ni dalili ya uhai. Yai linalong'aa tupu halina mbegu ya jogoo. Lenye duara la damu limekufa. Yote mawili yaondolewe, kwa kuwa yai viza likipasuka huchafua mengine. Kuku wawili wakiatamishwa siku moja, vifaranga vyao hukabidhiwa mama mmoja, na mwenzake hurudi kutaga mapema.

Asiye na kuku anayeatamia aweza kutumia sanduku lenye taa na bakuli la maji, ila ajiandae kuamka usiku. Pasipo feni, joto kwenye usawa wa juu wa mayai liwe kati ya nyuzi 38 na 39, na mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Kipimajoto ni lazima kwa anayeanza. Wazoefu wa Misri, ambako mayai yameanguliwa katika matanuri ya matofali ya udongo kwa zaidi ya miaka 2,000, walilipima joto kwa kuligusisha yai kwenye kope la jicho, lakini huo ni ujuzi wa kurithishana.

Kuanzia siku ya 18 mayai yasiguswe. Kifaranga hutoboa ganda, kisha hupumzika kwa saa nyingi, pengine siku nzima, huku akimalizia kuvuta kiini tumboni. Kumsaidia kwa kubandua ganda mara nyingi humtoa damu na kumuua. Kiini hicho humlisha hadi siku mbili baada ya kutoka.

Adui mkubwa wa vifaranga hao ni mdondo, ambao huweza kumaliza kuku wa kijiji kizima kwa siku chache. Chanjo ya I-2, inayotumika Msumbiji na Tanzania, huwekwa tone moja jichoni kwa kuku wa umri wowote na kurudiwa kila baada ya miezi minne. Huvumilia joto kuliko chanjo nyingi, hivyo mchanjaji huweza kuisafirisha hadi vijijini ikiwa imefungwa kwa kitambaa kilicholowa maji.